Kutwanga Maji

Sijawahi kutengeneza kitu kwa mikono yangu kikatoka kizuri kama zile koili tatu. Ya kwanza ilikuwa transfoma: mizunguko 200 upande wa kuingizia umeme, 600 upande wa kutolea, waya wa kopa unaokaribia wembamba wa unywele, kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Mbili zilizobaki zilikuwa ndogo, mapacha. Baada ya kila tabaka niliweka utepe wa manjano wa kuzuia umeme usivuke, na mwisho nikazipaka vanishi na kuziacha zikauke siku nzima. Fundi wa kusuka mota kule Gerezani, aliyeniuzia waya, aliigeuzageuza ile kubwa mkononi kama mtu anayechagua embe, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nilimwambia chuoni. Nilirudi Mbagala nimesimama kwenye daladala njia nzima na wala sikuhisi miguu.

Lakini kabla sijakata hata sentimita moja ya waya ule, nilikuwa najua kwamba koili zile hazingefanya kazi iliyokusudiwa. Nilijua kama ninavyojua kuwa jiwe likirushwa juu litashuka. Tangu wakati huo kuna swali linalonisumbua: mtu anayetengeneza kwa ustadi kitu anachojua hakitafanya kazi, akamtengenezea mtu anayeamini kitafanya, amefanya nini hasa? Amesaidia? Ametii? Au amedanganya bila kufungua mdomo?

*

Aliyeniagiza ni Ba'mdogo, mdogo wake marehemu baba. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Ba'mdogo ndiye aliyelipa ada hadi nikamaliza kidato cha sita, kwa pesa ya usukani: alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Lubumbashi, miaka ishirini na kitu. Alipovunjika mguu katika ajali aliacha barabara, akanunua pikipiki mbili na kuwakabidhi vijana wafanye bodaboda. Jioni wanamletea hesabu yake, naye anaishi kwa hiyo.

Mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei mpya zinapotangazwa, Ba'mdogo aliwasha redio kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Vijana walianza kuleta hesabu pungufu, na yeye hakuwa na moyo wa kuwafokea, maana alijua wanasema kweli. Ndipo mmoja wao alipomwonyesha kwenye simu video ya Mmarekani aliyeendesha gari kwa maji.

Mtu huyo aliitwa Stanley Meyer, wa jimbo la Ohio. Alikuwa na kigari cha kupandia vilima vya mchanga, na alidai kwamba lita 83 za maji zingetosha kukivusha Marekani yote, kutoka Los Angeles hadi New York. Alikuwa na hataza kadhaa za serikali ya nchi yake. Mojawapo, namba 4,936,961, ilitolewa mwaka 1990. Ba'mdogo aliichapisha stationari, kurasa zote, akaja nazo kwangu zimebanwa vizuri. Alipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya namba ile. "Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hii si porojo ya kijiweni. Hii ina muhuri."

Sikumwambia kwamba muhuri wa hataza ni ushahidi kuwa wazo limesajiliwa, na kwamba kwa kawaida ofisi ya hataza haiundi kifaa chenyewe ikakipanda kukijaribu. Nilisema tu, "Ngoja niisome."

*

Niliisoma usiku ule ule. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu kuhusu vifaa vya kubadili umeme wa sola, mchoro haukuwa mgumu. Umeme wa betri unakatwakatwa kuwa mapigo maelfu kwa sekunde. Mapigo yanaingia kwenye transfoma inayopandisha volteji. Yanapita kwenye dayodi inayoyazuia yasirudi, kisha kwenye koili mbili, moja kila upande, hadi kwenye mabomba mawili ya stenlesi yaliyochomekwa moja ndani ya jingine na kuzamishwa majini. Meyer aliyahesabu maji yale kuwa sehemu ya kapasita. Alidai kwamba ukipatia mapigo yanayooana na koili, volteji inapanda mno, na maji yanachanika yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni huku mkondo wa umeme ukiwa mdogo sana.

Hapo ndipo dai linapovunjika. Maji si kuni. Maji ni jivu. Haidrojeni ilishaungua zamani, ikakutana na oksijeni, ikatoa joto lake, na kilichobaki ndicho tunachokunywa. Kugeuza jivu liwe kuni tena inawezekana, ila inabidi urudishe joto lote lililotoka. Kutenganisha gramu 18 za maji kunataka nishati ya kilojuli 286. Gesi hizo zikiungana tena zinakupa kilojuli 286 zile zile. Kwa lugha ya LUKU, kupasua lita moja ya maji kunakula karibu yuniti 4.4, na ukiichoma gesi yote huwezi kupata zaidi ya hizo 4.4. Hapo hatujaitia kwenye injini. Injini ndogo ya petroli inageuza takriban robo tu ya joto la mafuta kuwa mwendo. Zilizobaki zinaishia kwenye bomba la moshi na kwenye hewa. Kisha jenereta ya pikipiki nayo inakata chake. Kila kituo kina ushuru wake.

Suala la volteji kupasua maji bila mkondo lilijibiwa na Michael Faraday katika miaka ya 1830. Kila molekuli ya haidrojeni inayotoka inataka elektroni mbili zipite, na kupita kwa elektroni ndiko kunakoitwa mkondo. Hakuna mlango wa nyuma.

Asubuhi nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote haya. Aliposema "Haloo, injinia wangu," yakayeyuka. Nikasema, "Nimeisoma, Ba'mdogo. Koili zinaweza kutengenezwa." Sentensi ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno.

*

Nilikuwa na visingizio vitatu, na naviandika kwa sababu nadhani si vyangu peke yangu.

Cha kwanza ni cha fundi. Fundi nguo haulizi kama gauni litakupendeza. Anapima, anakata, anashona. Mteja ndiye mwenye gauni. Mimi nimeombwa koili, nimetengeneza koili.

Cha pili ni cha heshima. Kuna watu huwezi kuwaambia "umekosea" kirahisi, hasa ukiwa unayajua makosa yao kwa elimu waliyokulipia wao. Ningeanzia wapi? Ningefungua mdomo kama mwanawe au kama mtaalamu?

Cha tatu ni cha huruma. Mzee mwenye mguu mbovu amepata kitu cha kumwamsha asubuhi. Yuko stoo anakata mabomba, anapiga mluzi. Ana kosa gani? Nani anaumia?

Kuna cha nne, na nimejitahidi kukificha hata kwenye rasimu za insha hii: niliipenda kazi yenyewe. Chuoni nilizoea kuchora transfoma kwenye kompyuta. Hapa nilipata ruhusa ya kutengeneza moja.

Kiini cha transfoma ya namna hii hakiwezi kuwa chuma cha kawaida. Kwenye umeme wa nyumbani, unaogeuka mara 50 kwa sekunde, mabati ya chuma yaliyopangwa yanatosha. Kwenye mapigo maelfu kwa sekunde, mikondo inaanza kuzunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto bure. Ndiyo maana kunatumika feraiti: unga wa chuma kilichoungana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu, uliochanganywa na madini kama manganizi na zinki, ukashindiliwa na kuchomwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Inatoka kama kigae cheusi kisichong'aa. Sumaku inapita ndani yake vizuri, lakini umeme unapita kwa shida sana. Yogoro Kato na Takeshi Takei ndio walioifanyia kazi Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na leo imo ndani ya chaja ya simu yako.

Zangu nilizitoa kwenye televisheni zilizokufa na paua saplai za kompyuta, Kariakoo, kwa mafundi wanaouza mabaki. Vipande viwili vyenye umbo la herufi E vinakuwa vimegandishwa kwa gundi, na ukivilazimisha vinapasuka kama sahani. Nilivunja vinne kabla sijajifunza kuvichemsha kwenye sufuria hadi gundi ilegee. Nilijifunza pia kuacha pengo: kipande cha karatasi kati ya E na E, ili kiini kisishibe sumaku mapema. Kiini kikishashiba, ukikiongezea mkondo hakiongezi sumaku. Kinabaki kuunguza tu swichi iliyo mbele yake. Pengo la karatasi moja linaokoa kifaa kizima.

Wiki tatu nilikuwa na furaha ambayo tasnifu haijawahi kunipa.

*

Tulijaribu usiku wa Jumamosi uani kwake. Kabla hatujaanza nilitoa sharti moja: gesi isihifadhiwe kwenye chombo chochote, maana haidrojeni na oksijeni zikichanganyika hivyo ni baruti inayosubiri cheche. Iingie kwenye povu la sabuni, kidogo, basi. Ba'mdogo alitii mara moja. Baadaye nilikuja kuona kwamba hilo niliweza kulisema bila woga wowote. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba mtoto hawezi kumwambia mzazi jambo la kitaalamu. Nilichagua lipi la kusema.

Mapovu yalitoka. Machache, membamba, lakini yalitoka. Baada ya nusu saa alichota povu kwa upawa, akaliweka chini mbali na kifaa, akasogeza kiberiti kilichofungwa kwenye fimbo. Lililipuka paa! na majirani wakachungulia. Vijana wa kijiweni walioalikwa walipiga makofi. Ba'mdogo alinitazama, macho yamejaa maji. Mama Mdogo, aliyekuwa anaosha vyombo pembeni, alisema bila kuinua kichwa, "Mnatwanga maji kwenye kinu, nyie." Wote tukacheka, mimi nikicheka kuliko wote.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kuwasalimia. Ba'mdogo alikuwa ametoka. Juu ya meza palikuwa na daftari gumu. Nilidhani ni la hesabu za pikipiki, nikalifungua. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: MRADI WA MAJI. Chini yake: INJINIA, na jina langu, majina yote matatu. Chini yake majina ya waendesha bodaboda kumi na wanne, na mbele ya kila jina, shilingi 30,000.

Laki nne na elfu ishirini. Nawafahamu baadhi yao. Kuna mmoja ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

*

Katika somo la maadili ya utafiti tulisoma insha ya W. K. Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, ya mwaka 1877. Anasimulia mwenye meli anayeisafirisha meli kuukuu iliyojaa wahamiaji. Alikuwa na shaka kwamba inahitaji matengenezo, akajizungumza mwenyewe mpaka shaka ikamtoka, akaiaga kwa moyo mweupe. Meli ikazama, yeye akachukua bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, tena angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Imani bila uchunguzi ni kosa, anasema, hata ikiwa imani ya dhati.

Darasani nilimwona mwenye meli kuwa watu wa aina ya Stanley Meyer. Mwaka 1996 mahakama moja ya Ohio ilisikiliza kesi ya wawekezaji wawili waliomshitaki. Mashahidi wataalamu walikikagua kifaa chake wakaeleza kwamba ni upasuaji wa kawaida wa maji kwa umeme, hakuna mapinduzi yoyote ndani yake. Mahakama ilisema ni ulaghai mkubwa na wa wazi, ikaamuru awarudishie dola 25,000. Miaka miwili baadaye, Machi 1998, Meyer alianguka mgahawani na kufariki. Mchunguzi wa vifo alisema mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo. Waumini wake wanasema aliuawa kwa sumu. Ba'mdogo ni mmoja wao. Ukishaamini kwamba mgunduzi aliuawa, kila kinachokosekana kinageuka ushahidi: kifaa hakipo sokoni kwa sababu kimefichwa, wataalamu wanakikana kwa sababu wamenunuliwa.

Lakini nilipolishika lile daftari, niliyemtafuta kwenye hadithi ya Clifford hakuwa mwenye meli. Nilimtafuta yule aliyeshika brashi na rangi. Clifford anawagusa wajenzi wa meli kwa kupita tu. Hasemi kitu kuhusu fundi aliyejua mbao zimeoza, akaombwa apake rangi, akaipaka vizuri. Abiria hawakukagua mbao. Waliona rangi.

Vijana wale hawakusoma hataza. Waliona koili. Waliona waya umelala sawasawa na vanishi imeng'aa, wakaambiwa, "Huyu ni mwanangu, anasoma masters." Ustadi wangu ndio uliokuwa hoja. Ningetengeneza vibaya, huenda wangesita. Kadiri nilivyofanya kazi safi ndivyo nilivyodanganya vizuri zaidi.

Hapo kisingizio cha kwanza kikafa. Gauni baya mteja anajiona mwenyewe kwenye kioo. Mtu anakwenda kwa fundi umeme kwa sababu jambo lenyewe haonekani kuwa na kioo. Na Kiswahili chenyewe hakimwachii fundi pa kujificha: fundi, funda, fundisha, mwanafunzi, yote ni shina moja. Aliyejua na hakufunza amefanya nusu ya kazi.

*

Nilimsubiri hadi magharibi. Aliporudi, nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki na kunyoosha mguu.

"Ba'mdogo, naomba tuongee."

"Ongea, mama."

"Kile kifaa hakiwezi kuendesha pikipiki. Si kwamba koili hazijakaa sawa. Hakiwezi."

Nilidhani atabisha. Nilijiandaa kwa habari ya sumu na makampuni ya mafuta. Aliuliza swali moja tu.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Hakuna ambaye angenikamata.

"Tangu siku ile ulipoleta karatasi."

Alikaa kimya mpaka mwadhini wa msikiti wa jirani akamaliza. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo muda wote ulikuwa unanionea huruma."

Sikujibu.

"Mimi sikukusomesha unionee huruma. Nilikusomesha ili siku moja uniambie nisichokijua. Wewe ukanitengenezea toi la kuchezea."

Maneno yale ndiyo yaliyoua visingizio vyangu viwili vilivyobaki. Niliita heshima kumbe nilikuwa nimemvua heshima: nilikuwa nimeshaamua, bila kumuuliza, kwamba ukweli haumtoshi mwilini. Mtu aliyevuka mipaka na mzigo wa tani ishirini na kitu, aliyetengeneza injini porini usiku kwa tochi ya mdomoni, nilimwona hawezi kubeba habari kwamba maji hayaungui. Tunasema msema kweli mpenzi wa Mungu, tunamsifu kwa ujasiri wake. Mimi ningeongeza kwamba msema kweli kwanza amemhesabu mwenzake kuwa mtu mzima. Huruma inayomficha mtu ukweli wa mambo yake inamshusha kuwa mtoto, hata kama inampigia magoti.

*

Kesho yake sikumletea maelezo. Nilimletea mita. Nilimwambia, "Tupime wote, wewe ndiye uandike."

Kwanza tuliunganisha betri ya volti 12 na mabomba moja kwa moja, bila koili yoyote, tukipitishia umeme kwenye balbu ya taa ya pikipiki ili kupunguza mkondo. Majini tuliweka kostiki soda kidogo, ile ya kutengenezea sabuni, ili umeme upite. Mita ilisoma ampea 2. Tulikinga gesi kwa chupa iliyojazwa maji na kupinduliwa kwenye beseni. Kabla ya kuanza nilipiga hesabu ya Faraday kwenye karatasi: ampea 2, dakika kumi, itoke gesi kama mililita 230. Nikaikunja ile karatasi nikampa aweke mfukoni. Dakika kumi zilipoisha, chupa ilikuwa na mililita 220. Akaitoa karatasi, akaisoma, akanitazama.

Kisha tukaunganisha koili zangu nzuri. Betri ikatoa ampea 1.5, karibu sawa na mwanzo. Dakika kumi: mililita 15.

"Imepungua," alisema.

"Transfoma inapandisha volteji, lakini inashusha mkondo. Gesi inafuata mkondo. Hizi koili zinakupunguzia."

Aliandika 220, akaandika 15. Nikaanza kumweleza kuhusu jivu na kuni, na kwamba hata hizo 220 zikichomwa haziwezi kurudisha umeme uliozitoa. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja. Hii ni Kitonga."

"Kitonga?"

"Mlima Kitonga, Iringa. Unaupanda na mzigo, lori linakunywa dizeli mpaka unatamani kulia. Ukirudi, unateremka bure. Lakini hata siku moja sijafika chini nikakuta tenki limejaa. Na breki zimeungua juu yake." Alifunga daftari. "Maji yako chini ya mlima. Sivyo?"

Ndivyo. Nimekaa darasani miaka mingi na sijasikia sheria ya uhifadhi wa nishati ikielezwa vizuri hivyo. Ilikuwa ndani yake muda wote, imelipiwa kwa dizeli. Alichohitaji ni mtu wa kumwonyesha mlima uko wapi, na mtu huyo alikuwa ameketi mbele yake wiki zote zile akisuka waya.

*

Pesa haikurudi kirahisi kama hadithi. Elfu 185 zilikuwa zimeshaingia kwenye mabomba na betri. Zilizobaki Ba'mdogo alizirudisha siku ile ile, akianza na yule aliyekuwa anasubiri mtoto. Nilitaka kwenda kijiweni kuwaeleza mimi, akakataa. Alisema yeye ndiye aliyewaita. Nilikwenda hata hivyo, nikasimama pembeni yake. Mmoja aliniuliza, "Sasa dada, wewe si ulikuwepo siku ya mlipuko?" Nikasema nilikuwepo. Hakuniuliza zaidi, na hakunisalimia kwa miezi miwili. Deni tulilimaliza katika wiki sita; elfu 80 zilikuwa zangu.

Kuna jambo moja zaidi. Wiki ile nilifungua jedwali la vipimo vya tasnifu yangu. Niliwahi kuondoa vipimo vitatu vilivyoshusha ufanisi wa kifaa changu, nikaviita "vibovu", bila kujua ubovu wake ulikuwa nini. Hakuna abiria waliozama. Lakini ilikuwa rangi, na brashi niliishika mimi. Nilivirudisha, nikamweleza msimamizi wangu. Aliniambia nitafute sababu na niiandike. Bado naitafuta.

Niliomba koili zile nizifumue, waya wa kopa una bei. Ba'mdogo alikataa. Ile kubwa ameiweka kwenye kabati la televisheni, pembeni ya picha ya baba. Wageni huuliza ni nini. Juzi nilimsikia akimjibu mmoja.

"Hiyo ni transfoma ya mwanangu. Inafanya kazi vizuri sana. Ila haifanyi ile kazi niliyotaka mimi."